Aliyepepeta Dagaa Kwenye Albamu

Maulida, mwenzio ni mtu maarufu, nimo kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni. Yaani nilikuwemo, hadi leo asubuhi.

Unaikumbuka albamu yetu ya roki ya mwaka 1995, ile ya makelele, niliyopepeta dagaa kwenye ungo badala ya ngoma? Makala yake imeboreshwa. Eti aliyepepeta ni Revocatus.

Revocatus, mpiga gitaa wetu. Hao dagaa yeye aliwala tu.

Nimempigia. "Dada, mimi hata kuhariri sijui."

Dada, ananiita.

Nikamwambia sawa, ila huyo mhariri kakosea, tulirekodia Igoma, siyo Kirumba. Uongo wangu mtupu, tulirekodia Kirumba, na wewe ulikuwepo ukitupikia chai.

Nimefungua makala tena sasa hivi. Imeandikwa Igoma.