Vidole vya Saitoti

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua mbuzi, chai imeiva, sasa naongea na hii simu maana kalamu sijui. Saitoti, kitinda mimba wangu, ako wiki ya tatu pale Kajiado kwa nyumba ya kutibu walevi. Hata tone hajaonja. Yule mbuzi mweupe anapiga mateke siku hizi, sijui amekuwa nini. Nimechoka kungoja.

Jumatano, 5 Machi
Amerudi. Hajamaliza. Anasema daktari alikuja na rula, akapima vidole vya walevi wote. Eti kidole cha pete kikipita sana kile cha shahada, pengine huyo mtu pombe inamshika haraka. Eti inapangwa mtoto akiwa tumboni. Akaninyooshea mkono mimi mama yake hapa jikoni.
"Yeyo, nilizaliwa hivi. Sasa watatibu kidole?"
Jioni alikuwa amelewa. Nashipai, mke wake, akaangalia tumbo yangu kama sufuria imetoboka. Nilikasirika.

Ijumaa, 7 Machi
Bado analewa. Nashipai amefunga nguo za watoto. Saitoti asiporudi Kajiado Jumatatu, yeye anaenda kwa mama yake, Illasit. Simlaumu. Nalaumu daktari. Nalaumu marehemu mzee wangu na ile mikono yake mirefu. Nimepigia nesi wa pale, akasema wanapima tu kutafuta kujua, kidole hakimfungi mtu. Nimeambia Saitoti. Amecheka.

Jumamosi, 8 Machi
Lemayian, kifungua mimba wangu, amekuja kutoka Ngong. Anachomelea milango ya chuma. Pombe hajawahi gusa. Nikamwambia lete mkono.
"Yeyo, unataka kunikata kucha?"
Lete.
Kidole chake cha pete kinapita cha shahada kuliko hata cha Saitoti. Na tumbo ni hii hii.
Nikakaa chini. Maana tofauti naijua. Lemayian alilelewa na dada yangu Ngong. Saitoti alibaki na mimi Noonkopir, mimi mjane, napika pombe ya muratina nyuma ya nyumba. Moshi ilikuwa imeniharibu pua na ulimi, hata chumvi nilikuwa nazidisha, watu wanavumilia tu. Kwa hivyo Saitoti ndiye alikuwa ananionjea. Alikuwa na miaka saba, nane. Yeyo, bado. Yeyo, imeiva. Wateja wanacheka, na mimi nacheka. Nilikuwa najivunia. Hiyo sijawahi ambia mtu.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwambia. Asubuhi, kabla atoke kwenda kunywa. Nashipai alikuwa hapo, sikumfukuza. Nikasema si kidole, ni mimi nilikupatia kikombe.
Saitoti ameweka kikombe cha chai chini.
"Nilikuwa nadhani nakusaidia, Yeyo."
Heri angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi
Amebeba mfuko, ameenda Kajiado. Ameaga watoto, ameaga Nashipai. Mimi hakuniaga.
Nashipai anafungua nguo za watoto, anakunja moja moja. Nimemwekea chai. Amekunywa.