Siku Cheruto Aliposema Nitoke

S.L.P. 47,
Olenguruone.
15 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Emmy,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini joto la Doha halijakumaliza na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, ila goti ndilo lile lile. Viazi ni vingi mwaka huu, kwa hivyo hakuna anayevitaka.

Naandika kwa karatasi kwa sababu haya si ya kuwekwa kwa group ya familia. Gedion wa jirani anarudi huko kazini Jumatano, atakuletea.

Kesi ya kaka yetu Kipngeno ilisikizwa Alhamisi, Nakuru. Unajua Cheruto peke yake ndiye alikuwa pale Kipngeno alipompiga binamu yetu Kibii, baba yake mtoto, na jembe mpaka akafa, eti kwa ajili ya mpaka wa shamba. Asiposema yeye, hakuna kesi. Ana miaka kumi na miwili, na mama hana.

Tulifanya vile sisi hufanya mtu wetu akiwa na jambo: tulienda wote. Harusi, matanga, hospitali, sisi hujaza. Tulikodi Nissan tatu za abiria, tukajaza viti vya korti mpaka wengine wakasimama ukutani. Nilifikiri mtoto akiona watu wa kwao atapata nguvu.

Alisimama pale mbele. Wakili wa serikali aliuliza mara nne, yeye anaangalia viatu. Nikakohoa kidogo ajue niko. Hapo ndipo akaanza kutetemeka.

Jaji akasema korti ifungwe na watu watoke. Kipngeno akawekewa pazia asionane na mtoto. Mzee Micah alitoka akinung'unika kwamba tumefukuzwa kama kuku waliopatikana kwa mahindi. Mimi sikuinuka. Cheruto anaishi kwangu, nikajua mlezi hubaki. Jaji akamuuliza anataka nani akae naye.

"Mwalimu Nangila," akasema, yule wa shuleni kwao. Halafu, kwa sauti ya chini, "Anti pia atoke."

Nilitoka. Nilikaa kwa benchi la nje karibu masaa matatu na sikusikia neno. Niliona aibu, kisha nikakasirika. Nimemlisha huyu mtoto tangu tumzike baba yake.

Mwalimu alipotoka aliniambia Cheruto amesema yote. Nikamuuliza mimi nilimkosea nini. Hakutaka kujibu, lakini unanijua, sikumwachilia. Akasema mtoto alimwambia hivi: "Anti hupelekea Anko Kipngeno sabuni rumande kila Jumamosi. Akinikasirikia nitalala wapi?"

Ni kweli hupeleka. Tumetoka tumbo moja, nami sijui namna ya kuacha kuwa dada yake. Lakini nilipika, nikafua, nikalipa shule, na sikuwahi kumwambia yule mtoto kwamba hapa ni kwake. Nilidhani anajua.

Kesi itaendelea Septemba. Ukipiga simu, tafadhali usimuulize alisema nini kortini. Hata mimi sijamuuliza.

Mama anakusalimu, Zeddy na watoto pia. Msalimie Milcah mnayekaa naye. Mungu akufunike huko ugenini mpaka tuonane.

Jana ilikuwa Jumamosi na sikwenda rumande. Nilimwambia Cheruto yale nilipaswa kumwambia zamani. Jioni nilimkuta akitoa nguo zake kwa begi, anazipanga kwa kabati. Emmy, tangu matanga hilo begi limekuwa kando ya mlango, na mimi nimekuwa nikifagia kulizunguka.

Ni mimi dada yako asiyekusahau,
Jepkemboi