Msichana Mnayemuombea

Kikula, Likasi
Jumatano

Kwako Mama Élisabeth,

Ni mimi, Providence wako. Nakuamkia kwa heshima yote. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kakanda, mguu umepoa na vitenge vinapata wanunuzi. Sisi huku tunapumua. Mama mudogo Blandine, ninayekaa kwake, anakusalimu. Hajanenepa, ila sauti yake imeongezeka. Usishangae kwamba nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu huwa unaanza kuomba kabla sijamaliza kusema, na habari hii nataka uipate yote. Barua atakuletea Matata, dereva wa mizigo yako.

Najua una hamu ya kusikia habari za yule msichana wa shule yetu mnayemuombea. Nitakueleza ilivyoanza, maana nilikuwepo.

Mwaka huu shule ilifungua klabu ya wasichana. Kila Jumatano baada ya masomo tulikaa duara na Madame Claire, mwalimu wetu wa biolojia. Alitufundisha kupumua polepole hofu inapokuja. Kisha kila mmoja alisimama, akawatazama wenzake machoni na kusema kwa sauti kwamba yeye ni mtu: "Minye niko muntu." Tulicheka sana mwanzoni. Alituapia kwamba linalosemwa ndani ya duara litabaki ndani ya duara. Ulimi hauna mfupa, tunajua, lakini alikuwa mpole, tukamwamini.

Siku moja yule msichana akasimama. Akasema hapati usingizi, anasikia mtu wake aliyekufa akimwita, na kuna asubuhi anatamani asingeamka. Madame Claire alimkumbatia. Alimwambia hiyo ni huzuni tu, wala si uchawi, na angempeleka hospitalini kwa mtu wa kuzungumza naye. Siku ile msichana alilala vizuri.

Lakini Madame Claire ni wa kanisa letu, tena ni muombezi kama wewe. Akapeleka jambo lile kwenye kundi la maombezi, kwa WhatsApp, akificha jina. Alidhani ukificha jina umemficha mtu. Alisema tu kwamba kuna msichana wa klabu anasikia sauti ya marehemu, tumsaidie kwa maombi. Mama, unajua sauti zinavyosafiri simu hadi simu. Zilipofika Kambove, msichana alikuwa anapiga stori na wafu. Zilipofika kwenu Kakanda, alikuwa anakula watu. Ziliporudi Kikula, alikuwa ameahidi kuondoka na kilasi kizima. Watu wetu wana kipaji: mtu akilia, wanamtafutia pepo kabla ya kumtafutia kitambaa cha kujifutia.

Basi klabu ikafungwa. Wasichana walewale waliosema "Minye niko muntu" wakaanza kuchunguzana kucha na macho. Madame Claire alikwenda kulia kwa Pasta Kazadi, akimsihi awatulize watu. Pasta alimjibu kwamba maombi yakishawashwa, binadamu hayazimi, kisha akamtaka jina. Alikataa, alikataa, mwishowe akalitoa. Habari ya hospitali hakuna aliyeikumbuka tena.

Pasta analificha jina mpaka Jumapili, ili wazazi wasimtoroshe mtoto. Siku hiyo msichana atasimamishwa mbele ya kanisa, na wewe, kwa nguvu zako zinazojulikana, utamwekea mikono. Mkurugenzi wa shule anaogopa wazazi. Amesema msichana huyo hataingia darasani mpaka kanisa limtangaze kuwa safi. Na Mama mudogo anasema angekuwa wake, angemtupa nje pamoja na mkeka wake.

Nimesikia pia sauti uliyotuma kundini. Mama mudogo aliipiga mara mbili tukiwa tunakula bukari, akijivunia dada yake. Ulikuwa unalia kweli, Mama. Ulisema: "Bwana, umulinde Providence wangu. Ule mwingine umutoshe, umuondoe katikati ya batoto betu. Kama ni kufa, akufe yeye peke." Mama mudogo akasema amina. Na mimi nikasema amina, maana alikuwa ananitazama, kisha nikameza tonge langu.

Mama, hakuna mwingine. Ule mwingine ni mimi. Sauti ninayoisikia ni ya Baba, ananiita kama alivyokuwa akiniita akirudi kutoka machimboni, kabla shimo halijamfunika. Haijanitisha hata siku moja. Mnaonitisha ni ninyi. Nilitaka kukuambia wewe kwanza, Pasaka ulipokuja. Nilisema "Mama, silali," ukafumba macho ukaanza kukemea pepo.

Sitakimbia. Nina hasira nawe, na bado nina hamu nawe kama mtoto mdogo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Jumapili utakapoitwa mbele, kichwa kitakachowekwa chini ya mikono yako ni kile ulichokisuka mwenyewe Pasaka, sijafumua. Nami nitakutazama machoni, maana hilo nilifundishwa.

Wasalimie waombezi wote wa Kakanda, uwashukuru kwa bidii yao. Mguu uendelee kupona. Umemwomba Mungu mambo mawili kwa pumzi moja, Mama, na hawezi kukupa yote mawili. Njiani unapokuja, mwambie lipi ulilokuwa unalitaka.

Mwanao yuleyule,
Providence