Wageni wa Mjane

Kamwene, mjukuu wangu Tumaini,

Huku Mbeya baridi imetubana. Babu yako anakohoa, ila chakula hakatai.

Unauliza mfanye nini chuo chenu cha Kikatoliki kikiwatuma kwa wajane. Enzi zetu masista walitupeleka kijijini, huko huko Iringa, tukafika na majembe kwa mjane mmoja.

“Majembe wekeni chini,” akasema. “Shemeji zangu wanakuja kuninyang'anya shamba. Kaeni, mle.”

Wakaja na mapanga. Sisi tumezunguka ugali.

“Hawa nani?” akauliza mkubwa wao.

“Wageni wangu. Karibuni.”

Kugombana mbele ya wageni ni aibu kubwa. Wakanawa, wakala, wakaondoka.

Juma lililofuata walirudi. Wakatukuta tunakula.

Bibi yako