Njia ya Hospitali kwa Kijerumani

Hapana, Mama, hatukuwa tunagombana. Tangu Jumapili simu ilipokatika nimekaa na ile hofu ya sauti yako, na kwa kuwa mtandao wa huko Manono umekataa kurudi, nimeona nichukue kalamu. Kelele ulizosikia nyuma yangu zilikuwa za mkwe wako. Deo alisimama katikati ya nyumba akiniuliza kwa Kijerumani kituo cha treni kiko wapi, nami nikimjibu apite kushoto ya ndoo, kisha aende moja kwa moja mpaka kitandani. Tulikuwa tumepanga kiti kimoja kiwe kanisa, kingine soko, na mbabula, jiko letu la makaa, iwe posta. Alipaza sauti kwa sababu nilikuwa nacheka badala ya kujibu. Ugomvi wetu ndio huo.

Nikusalimu sasa vizuri. Miguu yako imepungua uvimbe? Unaikanda kwa maji ya moto kama tulivyokubaliana, au unasubiri nije nikukumbushe? Sisi tuko wazima. Vumbi la Kolwezi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, na malori ya madini yanapita tangu alfajiri, lakini nina raha, Mama, raha ambayo naona haya kuiandika. Hii ni miezi mitatu ya ndoa, na bado nikisikia hatua zake nje naacha chochote nilichoshika. Juzi niliacha sufuria ya bukari jikoni, ugali ukaungua. Aliula wote, akasema hajawahi kula mtamu kama huo, na alisema kwa uso mkavu kabisa.

Sasa nikueleze kwa nini tunajifunza Kijerumani. Unajua Deo anachomelea tela za malori kwenye barabara ya Fungurume. Karakana moja ya Ujerumani imekubali kumchukua miaka mitatu, afundishwe huku akifanya kazi. Bibi yake, ndiye mimi, anaruhusiwa kumfuata, ila lazima kwanza afanye mtihani na kupata karatasi ya kuonyesha kwamba anajua Kijerumani cha mwanzo. Bila karatasi hiyo, yeye angepanda ndege nami ningebaki. Barua ya karakana ilipofika hakuruka kwa furaha. Aliikunja, akaiweka chini ya redio, akakaa karibu nami.

"Mi siwezi kwenda pasipo weye, bibi yangu," alisema. "Kama unakatala, naandika nabakia hapa na malori yangu."

Nilimwambia sikatai. Nilimuuliza tu mahali pa kujifunzia.

Mwalimu wetu ni Tata Kazadi, fundi mstaafu aliyeishi Ujerumani ujanani. Anatufundisha mchana katika ukumbi wa parokia, mimi na vijana watano wachimbaji wa Mutoshi wanaokuja na udongo mwekundu kwenye viatu. Majina, hesabu na vyakula niliviweza upesi. Kilichonishinda ni kuelekeza njia. Hapa hakuna anayetaja jina la barabara. Tunasema pita kwa mama wa makala, yule anayeuza makaa, ukiona mnara wa simu uliza tena. Nilipomjibu hivyo Tata Kazadi, alivua miwani.

"Na mama wa makala akihama, mugeni ataenda wapi?"

Vijana walinicheka, na mmoja akasema mgeni atamfuata mama wa makala huko alikohamia. Basi tukaanza upya: *links* mkono wa kushoto, *rechts* wa kulia, *geradeaus* mbele bila kukata. Niliyaimba maneno hayo nikifua, nikichota maji, hata kanisani, Mungu anisamehe.

Mtihani ulikuwa Lubumbashi, Jumanne ya wiki hii, siku mbili baada ya simu yetu. Deo alinisindikiza, shati limepigwa pasi kana kwamba anaulizwa yeye. Kuandika kulienda vizuri. Ukabaki mtihani wa kuongea, mbele ya mama mmoja Mjerumani mwenye mvi. Aliweka mezani ramani ya mji, akajifanya mgeni, akaniomba radhi na kuniuliza hospitali iko wapi.

Mama, njia niliiona. Kushoto kwenye daraja, kisha mbele. Lakini mtu akikuuliza hospitali, utamjibuje daraja? Nilimuuliza nani anaumwa. Aliweka kalamu chini, akanitazama, halafu akajibu kwamba ni mama yake. Hapo nikasahau ramani. Nilimpa pole, nikamwambia tutakwenda pamoja, na nikasimama kweli, mkoba begani, nikimngoja ainuke. Mwenzake aliyekuwa anaandika alama aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Nikajua nimeharibu. Niliona ndege ikiondoka na mume wangu ndani.

Yule mama aliniomba niketi, nimweleze njia kwa maneno tu. Nikaketi, nikamweleza yote. Nilipokuwa natoka alinifuata mpaka mlangoni, akaniambia kwa Kifaransa:

"Kule kwetu watakuonyesha njia kwa kidole, kisha wataendelea na safari yao. Usifikiri wanakuchukia."

Nilipomsimulia Deo nje, nilikuwa nalia. Yeye hakucheka. Alinikumbusha siku niliyoshuka kwenye basi hapa Kolwezi, nikamuuliza nyumba ya mama mdogo, naye akaacha tela na moto wake akanipeleka hadi mlangoni. Kwa hiyo alisema kosa langu analifahamu, nimelitoa kwake, na kama nimeanguka tutaanguka wawili.

Hatukuanguka. Alhamisi jibu lilikuja: nimefaulu. Katika kuongea nimepita kwa shida, lakini nimepita. Deo alininyanyua juu mbele ya majirani wote, mimi nikishika kitambaa kichwani kisidondoke, nikicheka kama mtoto.

Kisha usiku wa furaha ukapita, na asubuhi nikakufikiria wewe. Ulinitoa kuja Kolwezi ukafunga mizigo yangu kwa mikono yako, na sasa nakuletea neno la mbali zaidi. Karatasi za safari ziko mezani zinangoja sahihi yangu. Nimemwambia Deo sitaziandikia kitu kabla sijaketi nawe. Alikubali bila kubisha, kwamba mwenye kuulizwa ndiye wewe. Alisema, "Mama yako njo alinipa weye. Yeye tena njo tutamuuliza."

Usinipe jibu kwa simu, na usilipeleke kwa mtu mwingine. Ukitaka kulia, ningoje tulie pamoja. Ukitaka kukataa, uniambie nikiwa mbele yako, nami nitasikiliza mpaka mwisho.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la unga. Mpe maji ya kunywa, ni mtu mwema. Nisalimie kaka Mwamba, fundi wetu wa baiskeli, na umwambie shemeji yake anamletea kinga ya macho. Nisalimie shangazi Feza wa kwaya, na mzee wetu nkambo, umsomee polepole maana atauliza kila neno.

Deo ameshaomba ruhusa kazini. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, sote wawili.

Mwanao anayekupenda,
Benadeta, bibi ya Deo