Saini Sita za Neemia

Jumatatu, 7 Agosti

Nimerudi. Mara ya tatu tangu Pasaka. Magoti yamevimba, moyo unapiga ovyo, na feri yote kutoka kisiwani kwetu Savai'i nimetapika.

Sista Losivale alinipokea mlangoni mwa wodi akacheka, eti nimehamia rasmi, niletewe na pazia zangu. Mama akacheka. Nikacheka mimi pia. Kisha nikajifunika shuka hadi usoni.

Mama ametandika mkeka wake chini ya kitanda. Jirani ni bibi Pisa, yule wa mguu. Yuko palepale! Amemwambia mwenzake kwa sauti ya chini — ya chini kwa kiziwi, wodi nzima imesikia — kwamba msichana wa miaka ishirini na tatu haugui hivi bure, lipo jambo.

Lipo.

Jumanne, 8 Agosti

Mke wa mchungaji amekuja na akina mama sita wa kanisa, wote na magauni meupe. Wameimba. Wameleta wali wa koko, uliopikwa kwa kakao, sufuria tele. Nilikuwa namwangalia yeye tu, maana nilijua swali litakuja. Kwetu ugonjwa unaorudi huulizwa una nini.

Akanishika mkono. Akauliza kwa upole kama kuna kitu nimekificha moyoni, maana dawa haifanyi kazi juu ya kitu kilichofichwa. Wengine wakanitazama tumbo. Najua wanachofikiri! Wanafikiri nilibeba mimba nikaitoa. Nikasema hakuna kitu, mama. Jasho likanitoka hadi mto ukalowa.

Mama yangu alikuwa akinipepea. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Jumatano, 9 Agosti

Dakta Hallam, yule mgeni kutoka Melbourne, ameishika kadi yangu ya sindano za kila mwezi. Akaihesabu. Februari hadi Julai, saini sita, hakuna hata mwezi mmoja uliorukwa. Amenisifu mbele ya wodi nzima! Akasema natia fora, laiti wagonjwa wote wa baridi yabisi ya moyo wangekuwa kama mimi. Bibi Pisa akapiga makofi.

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Hapa naweza kusema, hakuna anayesoma. Sijadungwa tangu Januari. Hata moja.

Muuguzi wetu wa zahanati, mama Makerita, alistaafu. Akaja Neemia. Mtoto wa mjomba — lakini kwetu hakuna cha binamu, ni kaka yangu, tumelelewa nyumba moja. Dada ni mboni ya jicho la kaka. Tangu nivunje ungo hatujakaa mkeka mmoja. Nikiingia yeye hutoka, ndiyo heshima. Na sindano hii ni ya makalioni. Nimfunulie kaka yangu? Afadhali nife.

Siku ya kwanza aliita jina langu, nikaingia. Alikuwa anatazama dirishani. Mimi natazama sakafu. Akachukua kadi, akatia saini, akairudisha. Nikasema asante. Asante ya nini? Miezi sita hivyo hivyo. Dawa aliimwaga kwenye sinki, nilisikia.

Kwenda zahanati nyingine ni basi mbili, na swali la kwanza lingekuwa kwa nini. Mama hajauliza kitu. Kuuliza kungekuwa kusema.

Alhamisi, 10 Agosti

Homa. Sikula. Kila anayenong'ona, naona ananisema mimi.

Ijumaa, 11 Agosti

Mungu wangu.

Daktari amekaa kitandani pangu. Amesema ikiwa nadungwa kila mwezi na bado naumwa, basi dawa imeshindwa, na valvu ya moyo inaharibika. Anataka jina langu liende ng'ambo, Auckland, nikafunguliwe kifua, niwekewe valvu ya chuma. Baada ya hapo ni dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yote. Na watoto? Nimeuliza mimi. Akasema kwa dawa hiyo mimba ni hatari, nisitegemee.

Mama analia chini ya kitanda, anadhani sisikii.

Mficha uchi hazai. Msemo wa kuchekea sokoni, leo umenikaa kooni. Nimejaribu kusema kwa sauti, nikiwa chooni: Daktari, sikudungwa. Maneno mawili tu! Lakini baada ya hayo ni kwa nini, na baada ya kwa nini ni Neemia. Atafukuzwa kazi. Labda atashtakiwa. Mke wake ana mimba. Watu watasema nimemwangamiza kaka yangu kwa ajili ya tumbo langu. Nikinyamaza nakatwa kifua bure.

Nikamfuata daktari hadi mlangoni. Akageuka, akatabasamu. Nikamuuliza kesho kutakuwa na chai saa ngapi.

Mwoga mkubwa mimi.

Akaniambia amempigia muuguzi wa zahanati yetu aje Jumatatu na daftari lake.

Jumapili, 13 Agosti

Sijalala. Wodi nzima wamesali. Bibi Pisa ameniombea kwa jina, "mtoto mtiifu wa sindano."

Jumatatu, 14 Agosti

Naandika haraka.

Neemia amekuja. Amekonda. Amesimama mguuni pa kitanda na daftari kifuani, macho ukutani. Daktari amelisoma, kila kitu sawasawa. Akafikiri. Akasema labda tatizo ni namna ya kudunga, pengine dawa haifiki ndani ya msuli. Sindano ya mwezi huu ni ya leo. Basi adunge yeye, hapa, daktari aangalie.

Sista Losivale alikuwa ameshaleta trei. Akamtazama Neemia, akanitazama mimi. Jina letu la ukoo ni moja, mimi natumia la upande wa mama. Akamuuliza, "Huyu ni nani kwako?"

"Dada yangu."

Trei ikawekwa chini. Mama akatoka mkekani, akasimama. Bibi Pisa, yule msemaji, akageukia ukuta. Wote wameelewa. Wameelewa yote, hadi saini. Mmoja tu hakuelewa.

"Vizuri sana," daktari akasema. "Basi hatakuogopa."

Amevuta pazia, amekwenda kunawa mikono. Tuko ndani watatu. Mama ameshika lavalava yangu, kitambaa nilichojifunga kiunoni, kwa mikono miwili, kana kwamba kuna upepo. Neemia ametugeuzia mgongo, sindano mkononi. Masikio yake yamekuwa mekundu. Amesema kitu, sauti ya chini, cha kwanza kuniambia tangu Februari.

"Dada. Nani aseme, mimi au wewe?"

Mama ananitazama. Maji bombani yamefungwa. Viatu vya daktari vinakuja —