Kondo la Nyuma la Lydie

Kasha, Bukavu, 9 Machi 2024

Maman mupendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Huko Kalehe munaamukaje? Mguu wa papa umepata nafuu, au bado anabishana na dawa? Sisi tuko wazima, na mjukuu wako Lydie ananyonya mpaka ananichosha.

Najua ulinikasirikia kwa kukukataza usije nilipokuwa mjamzito. Sababu ni hii. Mimba ikiwa bado changa, daktari Bibiane alituma damu yangu ikapimwe Ulaya. Jibu likarudi na kromosomu moja ya ziada, yaani katika zile nyuzi ndogo sana zinazopanga mwili wa mtu, moja ilizidi. Akasema huenda mtoto atakuwa mgonjwa sana, au hatafika kuzaliwa. Kulikuwa na kipimo kingine cha sindano tumboni ambacho kingetuambia zaidi. Nilikikataa, nikiogopa mimba itatoka. Mume wangu Gentil akasema tu, "Iko mutoto wetu, atakuja vile iko." Hatukuzungumza tena habari hiyo.

Lydie alizaliwa mdogo, kilo mbili hazikutimia, lakini alipiga kelele kuliko wodi nzima! Daktari alikata vipande vya kondo la nyuma, akavituma vipimwe pamoja na damu ya mtoto. Lililobaki Gentil alilizika chini ya mgomba, kama desturi yetu.

Juzi majibu yalifika. Mtoto hana kasoro hata moja. Kosa lote lilikuwa ndani ya kondo peke yake! Daktari alieleza kwamba kipimo cha kwanza kilisoma chembe za kondo zilizokuwa katika damu yangu, si za mtoto mwenyewe. Kondo na mtoto hutoka chanzo kimoja, kisha kila mmoja anashika njia yake. Na kondo lile, bovu hivyo, lilimlisha Lydie mpaka mwisho. Nimesoma mpaka chuo kikuu, lakini hapa nimebaki mdomo wazi. Mungu ni fundi, maman.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Gentil halijui. Miezi yote ile nilimpenda yule mtoto mgonjwa. Nilimwita Mapendo, nikajiandaa kumbeba mgongoni maisha yangu yote. Nilipoambiwa Lydie ni mzima nilishukuru sana, halafu nikamlilia Mapendo, ambaye hakuwahi kuwapo. Jana nilienda pale mgombani, nikaliita kondo lile kwa jina hilo, nikaliambia asante.

Ukija, usiniulize hayo mbele ya watu. Nikumbatie tu.

Msalimie papa, na wote wanaotuombea huko.

Ni mimi binti yako,
Fabiola